Mheshimiwa Mvumo

Waimbaji wana watu wa kuwasifu. Mpiga solo akikoleza sebene, hatakosa mtu wa kumbandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Mpiga tumba hushangiliwa na akina mama. Hata MC, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kutuamuru tunyamaze, huondoka na bahasha yake mapema kuliko sisi. Lakini yupo mmoja katika muziki wetu ambaye hajawahi kutunzwa hata shilingi mia, na hatujawahi kupanda jukwaani bila yeye. Swichi ikiwashwa tu, kabla mtu hajagusa uzi, yeye ameshaanza: mmmmmmm. Namzungumzia Mvumo wa spika, na leo, kwa unyenyekevu unaomstahili, nasimama kumsifu.

Sifa zake ndogondogo nitazipitia mbiombio. Hadai nauli ya kirikuu. Hali chakula cha wageni, kwa hiyo hajawahi kuzuiwa kwenye foleni ya pilau na mjumbe wa kamati mwenye orodha mkononi. Haombi advansi. Halewi. Hajawahi kuhamia bendi pinzani usiku wa kuamkia onesho, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya wapiga besi. Na tukishuka kupumzika, yeye hubaki jukwaani kulinda vyombo.

Sifa iliyonitoa nyumbani ni sauti yake.

Wengi humwita kelele, na hiyo ni dhuluma. Kelele haina noti. Mvumo anayo, tena anaijua kwa moyo. Umeme wa gridi hapa Tanzania, na Kenya, na Uganda, na kwa Waingereza pia, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Sasa chukua gitaa la besi, weka kidole feti ya 3 kwenye uzi ule mnene kabisa, upige. Hiyo ni G, na inatetema mara 49 kwa sekunde. Mvumo, basi, anaimba G. Mwenzake wa juu, maana mara nyingi huja wawili, huimba kwa mitetemo 100, na G ya gitaa letu la kawaida kwenye uzi wa 6 ni 98. Amezidi kidogo tu, kiasi cha theluthi ya nusu-toni.

Hapo ndipo wajuaji huruka na kusema Mvumo yuko faulo. Kwa nini yeye? Katika bendi yoyote yenye nidhamu, wote humfuata aliyeanza, na asiyeweza kubadilika hufuatwa zaidi. Mimi nimekaa na karatasi na kalamu nikapiga hesabu. Kiwango cha kimataifa kinataka noti ya A iwe 440. Tukiipandisha hadi 449, bendi yote inaangukia sawasawa kwenye koo la Mvumo. Kipima-nyuzi changu cha mguuni kinakubali kupandishwa hivyo. Magitaa yote yatakuwa tayari kwa dakika chache. Kinanda kina sehemu yake ya kurekebisha, ingawa mpiga kinanda hajui iko wapi. Mpuliza tarumbeta atasukuma bomba lake ndani mpaka ligote na bado atakuwa chini, na itabidi aagwe kwa heshima. Waimbaji hawatatambua lolote.

Baada ya hapo, nyimbo zote zipigwe ki ya G. C itaruhusiwa, na E maina pia, kwa kuwa G imo ndani ya kodi zao. Nyimbo za ki nyingine zitasubiri umeme ukatike, zipigwe kwa gitaa kavu. Wimbo wa kuingiza maharusi, wimbo wa keki, wimbo wa mama mzazi kupokea zawadi, zote zitatoka katika noti moja, na usiku mzima utasikika kama kazi moja iliyotungwa na mtu mmoja. Kuna watunzi wakubwa waliotafuta umoja wa namna hii maisha yao yote, tena wakitumia okestra za watu themanini.

Wenzetu wa Marekani hawana bahati hii. Umeme wao ni wa 60, na 60 huangukia katikati ya B-flati na B, mahali ambapo hakuna wimbo unaoishi. Japani ndiyo taabu kabisa: upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka ni 60, kwa hiyo bendi ikisafiri kwa treni kutoka mji mmoja kwenda mwingine inapokelewa na Mvumo mgeni. Sisi tumejaliwa G, Mombasa mpaka Mwanza. Na pale gridi inapozimika na jenereta ikaunguruma nyuma ya ukumbi, Mvumo wetu huonesha ufundi wa ziada: kiyoyozi kikubwa kikiwaka, jenereta huinama kwa mzigo, naye hushuka kwa mteremko mtamu kisha hupanda tena taratibu. Wapo vijana wanaoufanyia mazoezi mteremko huo mwaka mzima na hawaupati.

Kama wakubwa wote, Mheshimiwa amekuwa na maadui. Wa kwanza niliyemsoma ni Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, ambaye mwaka 1955 aliombea hataza pikapu ya gitaa, yaani kinasa cha mtetemo wa nyuzi, yenye koili mbili zilizopangwa kinyume. Pikapu ya koili moja, unaona, ni antena. Hainyaki uzi tu, hunyaka na taa, transfoma na friji la soda. Lover alizigombanisha koili hizo mbili ili mvumo wa hii uufute mvumo wa ile, uzi ubaki unasikika peke yake. Akafanikiwa sana. Lakini koili zake zilizuia mvumo unaosafiri hewani tu. Unaopita kwenye waya aliuacha na njia yake.

Kisha yakaja magitaa ya kuigiza. Mwaka 2002 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa Variax, gitaa lisilo na pikapu ya sumaku hata moja. Chini ya kila uzi, pale kwenye daraja, kuna kipande cha piezo kinachosikiliza mtetemo wenyewe, na ndani ya ubao kuna kompyuta inayoupokea mtetemo huo na kuuvisha sauti ya gitaa lolote unalotaka: la zamani, la nyuzi 12, banjo, hata sitari ya umeme. Pasipo sumaku hakuna antena. Walitangaziwa watu kwamba Mvumo amekwisha.

Langu ni la ukoo huo, na mtengenezaji wake nitamsitiri. Ni gitaa lenye heshima. Lina kitufe cha kuzungusha kinachobeba magitaa ambayo nisingeweza kuyanunua katika maisha mawili, na kina uwezo wa kujizungusha chenyewe kikiguswa na mkono wa shati. Ndiyo maana bibi harusi mmoja aliingia ukumbini kwa banjo. Umeme ukiyumba hata kwa kufumba na kufumbua, kompyuta hujizima, hutafakari, kisha huwaka upya kwa utulivu wake, wakati mimi nimesimama mbele ya watu mia tano katikati ya sebene nikipapasa ubao usiotoa sauti. Mpiga ridhimu wangu, ambaye gitaa lake lina umri mkubwa kuliko yeye, hunitazama kwa upole usio mdogo.

Na Mvumo? Yupo palepale, mmmmmm. Gitaa la kompyuta halikumpunguzia chochote. Tena huko kwa wenzetu wameanza kumkumbuka. Mitambo ya kisasa ya kuigiza amplifaya, Helix ya mwaka 2015 ikiwemo, ina kipimo maalumu cha kuongeza mvumo wa amplifaya ya zamani, ili mpigaji aliye chumbani kwake penye umeme safi asijisikie mpweke. Wanalipa dola kununua kivuli chake. Mimi napata mwenyewe, mwili na roho, bure.

Siku aliponifundisha yeye ni nani hasa, tulikuwa ukumbi mmoja wa jijini, tukijaribu mitambo kabla wageni hawajafika. Alikuwa mnene kuliko kawaida. Fundi mitambo, kijana mwenye adabu na simu mbili, aliinamia miksa kidogo akainua kichwa.

"Shikamoo mzee. Samahani, hilo gitaa lako ndilo linaloleta shida."

Nikachomoa gitaa. Mmmmmm.

"Basi ni ule waya."

Nikauvuta waya nikauviringisha begani. Mmmmmm.

"Pedali."

Pedali ilikuwa bado kwenye begi. Akanitazama kwa huruma. "Labda wewe mwenyewe mzee una stimu nyingi mwilini. Wapo watu wa hivyo."

Nilifuata waya wa mitambo kwa mkono, nikapita nyuma ya pazia la satini na maua ya plastiki. Ekstensheni moja ilikuwa imebeba miksa, spika, taa za rangi, mashine ya moshi na friji la bia. Nikaishika plagi yake ukutani. Plagi zetu, hizi za kurithi kwa Mwingereza, zina pini tatu za mstatili: mbili chini za kupitisha umeme, na moja juu, ndefu kuliko wenzake, ya erthi. Ile ndefu ndiyo inayotangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Bila yake hakiingii kitu. Kwenye plagi hii ile ndefu haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, kisiki cha shaba kimebaki kinang'aa, na kwa kuwa vifuniko lazima vifunguke, mtu alikuwa amechomeka kalamu ya wino katika tundu la juu. Kalamu ilikuwa bado imo humo. Ncha yake ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Aa, hiyo tuliikata kusudi mzee," kijana akasema. "Ilikuwa inaleta mvumo."

Nitaacha mizaha kidogo. Waya wa erthi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, upo kwa sababu moja: umeme ukivuja ndani ya chombo na kugusa ganda lake la chuma, uwe na njia ya kwenda ardhini, fyuzi iungue, mtu apone. Ukiukata, umeme ule unabaki juu ya ganda unasubiri mtu. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ganda la amplifaya. Wavu wa maikrofoni umeunganishwa na ganda la miksa. Mwimbaji anayejipigia gitaa, mkono kwenye nyuzi na midomo kwenye wavu, yeye ndiye waya uliokuwa umepungua. Mwezi Mei mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, aligusa maikrofoni isiyokuwa na erthi sawasawa huku ameshika gitaa lake. Alikufa mbele ya wasikilizaji wake. Alikuwa na umri wa miaka 27. Hiyo ni zaidi ya nusu karne iliyopita, na somo lake halijafika nyuma ya pazia lile la satini.

Mwanamuziki yeyote wa kumbi zetu atakueleza jinsi tunavyojikinga. Kabla ya kuimba nagusisha nyuzi za gitaa kwenye wavu wa maiki. Nikiona cheche, siimbi mpaka jambo lirekebishwe. Sponji ile unayoiona kwenye maiki zetu unadhani ni ya kuzuia upepo. Ndani ya ukumbi upepo unatoka wapi? Ni ya kuzuia midomo. Mpiga besi wangu hupanda jukwaani kwa raba za soli nene hata akiwa amevaa suti, na kamati imewahi kumkemea kwamba anaharibu picha. MC yeye haelewi tunazungumza nini, kwa sababu maiki yake ni ya betri, haina waya, na haijawahi kumbusu.

Meneja wa ukumbi akaitwa. Alikuja na mafungu ya funguo na tabasamu. Nikamwonesha kalamu. Akaonesha dari. Dari, kusema kweli, lilikuwa la kupendeza: vinara vya kioo vya ghorofa tatu, na taa za kujificha zinazobadilika rangi zenyewe. Nikauliza umeme wa ukumbi ulikaguliwa lini. Akasema ulikaguliwa, wakati wa kujenga. Nikauliza fimbo ya erthi imezikwa upande gani wa jengo. Akasema, "Mzee wangu, ukumbi huu umejaa kila Jumamosi, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika."

Ni kweli. Mteja anakaa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa na kufungwa tai mgongoni, na kiti hakipigi shoti.

Wala si meneja peke yake. Nimeshahudhuria vikao vya kamati za harusi za ndugu, nikiwa mchangiaji wa kawaida. Rangi ya riboni hujadiliwa vikao viwili. Keki ina kamati yake ndogo. Picha za kupigwa kutoka angani zina fungu lake, na mpambaji hulipwa nusu kabla hajashika ua. Muziki uko ukurasa wa mwisho, chini ya "mengineyo", na fungu la mengineyo ndilo la kwanza kupunguzwa ahadi za michango zikichelewa. Kinachoonekana kwenye picha kinagharimiwa. Erthi haipigwi picha.

Zamani vyombo vilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, waliovuma kwa jina la Sikinde, walianza mwaka 1978, na baadaye wakawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Magitaa, amplifaya na spika vilikuwa mali ya mwajiri. Sisemi vilikuwa bora, wala sisemi Mvumo hakuwepo. Nasema kulikuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango. Leo kamati inamkodi MC, MC anakuja na DJ wake, DJ anakodi mitambo kwa mtu, mtu anamtuma kijana, soketi ni ya ukumbi, na ukumbi ni wa bwana ambaye hapokei simu. Bendi inapigia juu ya mnyororo huo wote. Kila pete ya mnyororo itakuapia kwamba tatizo liko pete ya pili. Na kijana, aliye mwisho kabisa, asiyefundishwa na mtu, anayelipwa baada ya sisi ambao tunalipwa baada ya keki, ndiye anayekabidhiwa msumeno. Mimi simlaumu sana. Kisanduku cha DI cha kutenganisha gitaa na miksa, chenye swichi halali ya kuondoa mvumo bila kugusa erthi ya ukutani, kinauzwa. Hakuna aliyemnunulia. Kalamu alikuwa nayo.

Kwa hiyo nikisema namsifu Mvumo, sasa sicheki sana. Katika ukumbi ule wote, wenye meneja, mpambaji, MC, mweka hazina na wajumbe waliovaa sare, ni yeye peke yake aliyekuwa akitangaza, kwa sauti isiyopumua, kwamba nyaya za jengo lile haziko sawa. Wakaendelea kukata mpaka akanyamaza. Usiku ule spika zilikuwa safi ajabu, kimya kitupu kati ya wimbo na wimbo, na meneja alinipita akanionesha dole gumba. Mimi nilipiga gitaa bila kuimba, na mwimbaji wetu aliimba na maiki iliyovishwa sponji mbili.

Wewe unayesoma hapa, ukiwa mjumbe wa kamati ya harusi ya mwaka huu, nina ombi moja kwako. Siku mtakapokwenda kukagua ukumbi, mkimaliza kutazama dari, nenda nyuma ya jukwaa ukaangalie plagi. Chukua na fundi umeme mwenye kipimo, apime soketi za jukwaani kama zina erthi. Kama hazina, mwambie mwenye ukumbi siku hiyohiyo, kabla hamjalipa advansi. Mkishalipa, hatawasikia.